Mgeni hupewa jembe: Siri ya safari ya vijana katika pwani ya Australia

KILA mwaka maelfu ya vijana kutoka Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Japani na mataifa mengine yaliyostawi hushuka mjini Sydney, Australia, wakiwa wamebeba kila walicho nacho ndani ya shanta moja mgongoni. Aghalabu huwa ni marafiki wawili au watatu waliosoma pamoja, na wengi wao huwa na nia moja: kufuata pwani ya mashariki kuelekea kaskazini hadi mji wa Cairns.

Picha wanazowatumia jamaa zao nyumbani huonyesha mchanga mweupe, mawimbi na machweo. Ni nadra kuona picha ya kijana huyo huyo akiwa ameinama katika shamba la viazi vitamu karibu na mji wa Bundaberg, jua likianza kuchomoza. Ilhali bila shamba hilo, wengi wao wangelazimika kurejea makwao hata kabla ya kufika nusu ya njia.

Kutoka Sydney hadi Cairns kwa barabara ni takriban kilomita 2,600, zaidi ya mara tano ya umbali kati ya Mombasa na Nairobi. Barabara kuu ya Pacific humfikisha msafiri Brisbane, kisha huchukua ile ya Bruce ambayo urefu wake ni karibu kilomita 1,680. Wapo wanaopanda basi kwa tiketi inayowaruhusu kushuka mji wowote, kukaa siku kadhaa na kuendelea na basi jingine. Wengine huchanga pesa, wakanunua gari kuukuu, wakang'oa viti vya nyuma na kutandika godoro. Gari linalopendwa sana kwa kazi hiyo ni Toyota HiAce, lile lile ambalo Mkenya analijua kama matatu.

Kuomba lifti barabarani, desturi iliyoenea miaka ya 1970 na 1980, kumefifia. Mnamo 1992 na 1993 miili ya vijana saba iligunduliwa katika msitu wa Belanglo, kusini magharibi mwa Sydney. Wengi wao walikuwa wasafiri wa shanta. Ivan Milat alipatikana na hatia ya mauaji hayo mwaka wa 1996 na akafia kizuizini mwaka wa 2019. Tangu wakati huo, wazazi wengi huwaonya watoto wao dhidi ya kupanda gari la mtu wasiyemjua.

Maisha ya ndani ya gari ni ya kubana matumizi. Miji mingi ya pwani imeweka majiko ya umeme katika bustani za umma, na yeyote anaweza kupika hapo bila malipo. Usiku ndio wenye taabu. Katika mji wa Byron Bay, uliokaribu na rasi iliyo mashariki kabisa mwa bara hilo, anayelala garini kando ya barabara huamshwa na maafisa wa baraza la mji na kupigwa faini. Hapo ndipo urafiki hupimwa, kwani faini hiyo, mafuta ya gari, chakula na gurudumu lililotoboka vyote hutoka katika mfuko mmoja. Mfuko huo ukikauka, marafiki huanza kuulizana nani alikula zaidi.

Waswahili walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Serikali ya Australia iliigeuza methali hiyo kuwa sheria, japo bila shaka haikuwahi kuisikia.

Mpango wa viza ya kutalii huku mtu akifanya kazi ulianza mwaka wa 1975, ukiwahusu vijana wa Uingereza, Ireland na Kanada. Uliendelea kupanuliwa hadi ukajumuisha mataifa mengi ya Ulaya, Asia na Amerika. Kwa kawaida anayeomba anafaa kuwa na umri wa kati ya miaka 18 na 30, ingawa raia wa nchi chache huruhusiwa hadi miaka 35. Viza hiyo hudumu miezi 12.

Mnamo 2005 serikali iliongeza kishawishi. Kijana atakayefanya kazi ya shambani, uvuvi au kazi nyingine maalumu mashambani kwa miezi mitatu, yaani siku 88, angepewa mwaka wa pili. Kuanzia Julai 2019, anayefanya kazi kama hiyo kwa miezi sita katika mwaka huo wa pili huweza kupata mwaka wa tatu.

Hakuna taifa la Afrika lililokuwa katika orodha ya nchi zinazofaidika na mpango huo kufikia 2024. Mkenya anayetaka kuiona pwani hiyo huingia kwa viza ya utalii, ambayo haimruhusu kufanya kazi, au ile ya masomo, ambayo tangu Julai 2023 inamruhusu kufanya kazi kwa saa 48 katika kila majuma mawili wakati wa muhula.

Sababu ya serikali kuwahitaji vijana hawa si fumbo. Matunda yakiiva hayangoji. Ndizi za Tully na Innisfail, maembe na nyanya za Bowen, na mboga za Bundaberg huhitaji mikono mingi kwa muda mfupi, na wenyeji wengi hawako tayari kuhamia mashambani kwa kazi ya majuma machache. Australia ilipofunga mipaka yake Machi 2020 kutokana na janga la Covid-19, idadi ya vijana hao ilishuka mno, na wakulima wakalalamika kuwa mazao yalikuwa yakiozea shambani.

Hata hivyo, siku hizo 88 ndizo zilizozaa malalamiko mengi zaidi. Ili kupata mwaka wa pili, kijana lazima athibitishe kuwa alifanya kazi. Hali hiyo humpa mwajiri uwezo mkubwa juu yake, kwani anayegombana na mwenye shamba siku ya 60 huenda akaondoka bila stakabadhi za kuthibitisha siku alizokwisha kufanya. Uchunguzi wa shirika la serikali linalosimamia haki za wafanyakazi, uliotolewa mwaka wa 2016, ulifichua visa vya vijana waliofanyishwa kazi bila malipo na wengine waliotakiwa kutoa pesa ili siku zao ziidhinishwe. Mwaka uliofuata, utafiti wa wasomi wa vyuo vikuu ulionyesha kuwa takriban thuluthi moja ya wasafiri wa shanta waliohojiwa walilipwa dola 12 au chini ya hapo kwa saa, kiasi kilichokaribia nusu tu ya walichostahili.

Mtego mwingine ulikuwa katika malipo ya kipande. Kijana hulipwa kwa ndoo au kreti anayojaza, wala si kwa saa. Mchumaji stadi huweza kupata pesa nzuri, lakini mgeni ambaye hajawahi kushika mkasi wa kukatia matunda angemaliza siku nzima akiwa na ujira usiotosha kulipia kitanda chake. Isitoshe, mara nyingi mwenye hosteli ndiye pia anayewatafutia wageni kazi, hivi kwamba anayehama hosteli hupoteza kazi, na anayeacha kazi hupoteza kitanda.

Sheria imebadilika kwa kiasi fulani. Novemba 2021 tume ya kuamua masuala ya kazi iliagiza kwamba hata anayelipwa kwa kipande asipate chini ya kima cha chini cha mshahara kwa saa alizofanya, na agizo hilo likaanza kutekelezwa Aprili 28, 2022. Kima hicho kitaifa kilipandishwa hadi dola 24.95 za Australia kwa saa kuanzia Julai 2025.

Ushuru nao una hadithi yake. Tangu Januari 2017 vijana hao hukatwa asilimia 15 kuanzia dola ya kwanza wanayochuma, tofauti na mwenyeji ambaye hatozwi chochote katika kiasi cha mwanzo cha mapato yake. Mwingereza mmoja aliyekuwa mhudumu mjini Sydney alipinga hatua hiyo hadi Mahakama Kuu, ambayo Novemba 2021 iliamua kuwa ilikiuka mkataba wa ushuru kati ya Australia na Uingereza. Aidha, mwajiri huwekea kila mfanyakazi akiba ya uzeeni, lakini kijana wa mpango huu anapoichukua akiondoka nchini, serikali hujitwalia asilimia 65.

Wapo ambao hawakurudi nyumbani kabisa. Usiku wa Juni 23, 2000, moto ulizuka katika hosteli ya Palace mjini Childers, takriban kilomita 50 kutoka Bundaberg. Wageni waliokuwa wamelala humo wengi wao walikuwa wamefika mjini humo kuchuma matunda na mboga. King'ora cha moto hakikuwa kikifanya kazi. Katika chumba kimoja, mlango wa kutokea ulikuwa umezibwa na kitanda cha ghorofa na madirisha yalikuwa na vyuma. Vijana 15 waliangamia, wakiwemo Waingereza saba. Mwanamume aliyewasha moto huo alifungwa maisha mwaka wa 2002, na jimbo la Queensland likaweka masharti makali ya usalama kwa nyumba zote za malazi ya bei nafuu.

Agosti 2016 msiba mwingine ulitokea katika hosteli ya wafanyakazi wa mashambani mjini Home Hill, kusini mwa Townsville. Msichana Mwingereza wa miaka 20, aliyekuwa amewasili huko siku chache tu awali ili kutimiza siku zake 88, alidungwa kisu na mpangaji mwenzake. Kijana mwingine Mwingereza aliyejaribu kumwokoa alijeruhiwa na akafariki siku kadhaa baadaye. Mahakama iliamua kuwa mshambuliaji hakuwa na akili timamu. Mama ya msichana huyo, hata hivyo, hakuishia kwenye kisu. Alianza kuuliza ni nani aliyekuwa akikagua mashamba na hosteli ambako serikali ilikuwa ikiwapeleka watoto wa watu, na akaendesha kampeni kwa miaka mingi katika nchi zote mbili.

Chini ya mkataba wa kibiashara uliotiwa saini na mataifa hayo mawili Desemba 2021, sharti hilo liliondolewa kwa Waingereza. Tangu Julai 1, 2024, kijana mwenye pasipoti ya Uingereza anaweza kupata viza tatu bila kugusa jembe. Wakulima hawakufurahia. Kwa vijana wa mataifa mengine mengi, siku 88 zingali zinahesabiwa.

Baharini nako kuna ya kujihadhari nayo, ingawa si yale ambayo mgeni huogopa. Wengi hufika wakiwa na hofu ya papa. Kinachoua watu zaidi ni mkondo wa maji unaorudi baharini kwa kasi kati ya mawimbi, mahali ambapo uso wa bahari huonekana umetulia na kumvutia asiyejua. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2013 uliweka vifo vitokanavyo na mikondo hiyo kuwa wastani wa 21 kila mwaka, idadi inayozidi ile ya wanaouawa na papa. Waokoaji wa kujitolea, ambao vyama vyao vilianza mjini Sydney mwaka wa 1907, husimika bendera mbili za rangi nyekundu na njano kuonyesha sehemu salama ya kuogelea. Anayekokotwa na mkondo hushauriwa asishindane nao kuelekea ufuoni, bali aelee, ainue mkono, au aogelee sambamba na ufuo hadi atoke ndani yake. Ndiyo maana marafiki huambiwa wasiingie majini wote kwa pamoja pasipo na bendera. Abaki angalau mmoja nchi kavu wa kupiga mayowe.

Kaskazini zaidi hali hubadilika. Kuanzia maeneo ya Gladstone kuna mamba wa maji chumvi, ambao idadi yao iliongezeka baada ya Queensland kupiga marufuku kuwawinda mwaka wa 1974. Mabango ya tahadhari kando ya mito huandikwa pia neno la Kijerumani, ishara kwamba wenyeji wanawajua vyema wageni wao. Kati ya Novemba na Mei, maji ya kaskazini huwa na yavuyavu wenye sumu, mmoja wao akiwa hazidi ukubwa wa ukucha wa kidole. Chupa za siki huwekwa kwenye nguzo ufuoni ili anayeumwa amwagiwe mara moja.

Kituo ambacho vikundi vya marafiki hukisubiri kwa hamu ni K'gari, kisiwa kikubwa zaidi cha mchanga duniani, chenye urefu wa kilomita zipatazo 120. Kwa zaidi ya karne moja kiliitwa Fraser, hadi Juni 2023 jina la wenyeji wake wa jadi, Wabutchulla, liliporejeshwa rasmi. Hakuna barabara ya lami ya kukivuka. Ufuo wenyewe ndio barabara, wenye sheria za trafiki na kikomo cha mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Kikomo hicho si cha bure, kwani magari yaliyosheheni vijana yamewahi kupinduka mchangani na kuua.

Cairns ndipo wengi huhitimisha safari, kwa siku moja ya kupiga mbizi katika matumbawe ya Great Barrier Reef yanayoenea kilomita 2,300. Wanaofika sasa hukuta sehemu ambazo rangi zake zimepauka, kwani joto la bahari limeyababua matumbawe hayo kwa upana mkubwa katika miaka ya 2016, 2017, 2020, 2022 na 2024.

Baada ya hapo marafiki huagana. Kwenye ukuta wa hosteli, karibu na jikoni, hubandikwa karatasi: HiAce inauzwa, godoro, sufuria na jiko la gesi vimo ndani. Mnunuzi huwa ni kikundi kingine kilichotua Cairns juzi, ambacho kinajiandaa kuifuata barabara ile ile kuelekea kusini, na ambacho bado hakijahesabu siku hata moja.