Mazoezi ya Uwandani katika Shahada ya Uzamili ya Tiba kwa Vitendo nchini Marekani

Tiba kwa vitendo humwezesha mgonjwa kurudia shughuli za kila siku, kama vile kuoga, kuvaa na kupika. Nchini Marekani, tangu mwaka 2007, programu za shahada ya kwanza hazitambuliwi tena kuwa njia ya kuingilia taaluma hii. Mwanafunzi hana budi kufikia shahada ya uzamili au ya juu zaidi. Nadharia hufundishwa darasani, lakini uzito wa masomo umo katika mazoezi ya uwandani, yasiyopungua majuma 24 ya kazi ya kutwa. Humo tendo dogo huchambuliwa hatua kwa hatua. Aliyepooza upande mmoja, kwa mfano, hufundishwa kuvaa shati kwa kuanza na mkono dhaifu, na kulivua kwa kuanza na mkono wenye nguvu. Jambo hilo huonekana jepesi kwa asiyewahi kulijaribu. Ugumu mwingine si wa kitaaluma: kwa kawaida mazoezi hayo hayana malipo, ilhali ada huendelea kutozwa. Kwa hiyo mwanafunzi anayejitegemea mara nyingi hulazimika kuacha ajira yake, huku mtihani wa taifa na leseni ya jimbo vikiwa bado mbele yake.