Kutunza Maneno ya Siri kwenye Kompyuta na Simu

Ofisi nyingi ndogo huandika maneno ya siri ya barua pepe na ya benki kwenye daftari moja. Daftari likipotea, au mhasibu akiwa safarini, kazi husimama. Ndiyo maana tunapenda kuwaeleza wasomaji wetu kuhusu KeePass, programu ya bure iliyoanza kutolewa mwaka 2003.

KeePass huweka maneno yote ya siri katika faili moja, lililofungwa kwa neno kuu la siri. Tukiliweka faili hilo kwenye hifadhi ya intaneti kama Dropbox au Google Drive, tunaweza kulifungua kwenye kompyuta ya ofisi, na pia kwenye simu ya Android kwa kutumia programu ya KeePassDX. Tukibadilisha neno ofisini, simu nayo hupata badiliko hilo intaneti ikiwepo.

Tuzingatie mambo matatu:

1. Neno kuu liwe refu. Faili likiibwa, kinga yetu ni neno hilo. Likisahaulika, hakuna awezaye kulirudisha. Hivyo liandikwe kwenye karatasi na kufungiwa kabatini, lisiwekwe kwenye hifadhi hiyo hiyo.

2. Watu wawili wasibadilishe faili kwa wakati mmoja, maana hutokea nakala mbili zinazotofautiana. Ikitokea hivyo, KeePass ya kompyuta inaweza kuziunganisha.

3. Kila mwezi tuweke nakala kwenye flashi. Faili likifutwa kwa bahati mbaya kwenye kifaa kimoja, huweza kutoweka kwenye vifaa vyote.