Tusipime Chai kwa Kilo Pekee

Wakulima wa chai wanaponung'unikia bonasi, wasimamizi wa viwanda hupenda kuwaonyesha cheti cha ISO 9001 kilichotundikwa ukutani. Cheti hicho si cha kudharauliwa. Hata hivyo, kanuni zake za mwaka wa 2015 hazimwambii msimamizi apime nini; zinamtaka aamue mwenyewe kitakachopimwa, jinsi ya kukipima na wakati wa kuyachambua matokeo. Hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Kilicho rahisi kuhesabika ndicho kihesabiwacho: kilo zilizopokewa, semina zilizofanywa, malalamiko yaliyofungiwa faili. Lakini kilo haitofautishi majani mawili na chipukizi na jani gumu lililokomaa. Karani anayepimwa kwa uzito pekee atayapokea yote, na kwa nini asiyapokee? Nalo sanduku la maoni lisilo na barua huenda likamaanisha kwamba wakulima wamechoka kuandika.

Kipimo chenye manufaa ni kile ambacho kikibadilika, yuko mtu anayejua la kufanya kesho yake asubuhi. Tutazame saa zinazopita tangu jani lichumwe hadi litandazwe kiwandani linyauke. Jani lililoshindiliwa guniani, huku lori limekwama katika matope ya masika, hupata joto, hugeuka jekundu na kuanza kuchacha kabla ya wakati wake. Hakuna mtambo utakaoirejesha ladha hiyo. Saa hizo zikiandikwa kwa kila kituo cha kununulia majani, wala si kwa wastani wa kiwanda kizima (wastani huficha kituo kibovu nyuma ya kumi vilivyo bora), itajulikana ni lori lipi libadilishiwe ratiba na ni barabara ipi ipigiwe kelele. Kadhalika, sehemu ya majani mazuri katika konzi iliyochotwa bila kuchagua ihesabiwe mbele ya mkulima mwenyewe.

Wako watakaosema kwamba bei ya mnada wa Mombasa yatosha. Haitoshi. Bei huja siku nyingi baadaye, tena huyumbishwa na mahitaji ya Pakistan na Misri, mambo ambayo karani wa kituo hana uwezo nayo. Hesabu za saa na za konzi zibandikwe kituoni kila juma, mahali mkulima anapongojea mizani, kabla ya wakurugenzi aliowachagua kuja kumweleza habari za bonasi.