Kuku Hana Kesi

Baba mmoja wa Tanga ameniandikia barua kuhusu mwanawe wa miaka 14. Kijana alikuwa hakosi uwanjani jioni. Tangu mwezi wa tatu hivi, timu zikigawanywa, wenye fulana upande huu na vifua wazi upande ule, yeye hukimbilia kwenye fulana. Akipangwa vifua wazi, mguu unamuuma ghafla, anarudi nyumbani. Mama yake ndiye aliyegundua, siku alipomkuta akijipaka mafuta: chini ya chuchu zote mbili pameumuka kama vitumbua vidogo, na akiguswa anaruka. Wenzake wameshaanza kumwita "dada". Baba ana maswali mawili. La kwanza, je, ni ugonjwa? La pili amelipigia mstari kwa kalamu nyekundu: "Au ni hawa kuku wa kisasa?"

La kwanza ni jepesi, nalimaliza hapa hapa. Madaktari huiita hali hiyo jinekomastia, jina la tangu enzi za tabibu Galeni. Huwapata nusu ya wavulana wanaobalehe, pengine na zaidi, na kwa walio wengi huisha yenyewe ndani ya miezi sita hadi miaka miwili. Si laana, si ushoga, wala mwanao hageuki kuwa msichana.

La pili ndilo tamu.

Nianze kwa kumtendea haki kuku. Katika Chuo Kikuu cha Alberta, Canada, watafiti walikuwa wametunza ukoo wa kuku wa mwaka 1957 bila kuubadilisha. Wakawafuga pamoja na kuku wa nyama wa mwaka 2005, kwa chakula kile kile. Siku ya 56 wakawapima. Kuku wa 1957 alikuwa na gramu 905. Yule wa 2005 alikuwa na gramu 4,202. Hakuna sindano iliyopigwa hapo. Ni miongo ya kuchagua mzazi anayenenepa haraka, ukampandisha na mwenzake, ukachagua tena. Basi mfugaji wa Tegeta anayeuza kuku wa wiki sita hana haja ya homoni. Mbegu yenyewe imeshafanya kazi.

Hata hivyo uvumi huu haukuzuka hewani. Marekani ya miaka ya 1940 na 1950, majogoo wachanga walipandikizwa kidonge cha estrojeni ya maabara chini ya ngozi ya shingo ili walainike na kunona. Mwaka 1959 ikapigwa marufuku. Habari zikabaki zikitembea, na mpaka leo zinafika mezani petu kila chipsi kuku inapoagizwa. (Na katika sahani hiyo, mshitakiwa wangu mimi ni chipsi. Tutafika.)

Lakini kuku asishuke kizimbani bado, namhitaji kama shahidi. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mwingereza aitwaye Sir John Sebright alizalisha kuku wadogo wazuri mno, kila unyoya umetiwa pindo jeusi kama leso. Ajabu yao iko kwa jogoo. Anawika. Ana kilemba chekundu. Anapanda mitetea na anazalisha. Ila amevaa manyoya ya kike: hana yale marefu yaliyochongoka shingoni, wala mkia uliojikunja kama mundu. Ukimwona kwa nyuma utangoja atage.

Thomas Hunt Morgan, yule wa nzi wa matunda aliyekuja kupata tuzo ya Nobel mwaka 1933, alipenda fumbo hili. Akawahasi majogoo wa Sebright, na mwaka 1919 akachapisha alichokiona: manyoya mapya yalipoota, yaliota ya kijogoo, marefu shingoni na mundu mkiani. Dume limehasiwa, likazidi kupendeza kidume! Kwa akili ya kawaida ingekuwa kinyume chake.

Jibu lilipatikana Dallas, Texas, miongo sita baadaye. Kwa kuku, vazi la kijogoo ndilo vazi la kuzaliwa. Estrojeni ndiyo inayolibadilisha kuwa la mtetea. Na jogoo wa Sebright anatengeneza estrojeni nyingi, tena ndani ya ngozi yenyewe, kwa kuitwaa testosteroni ya korodani zake na kuigeuza. Mhasi, umemnyima malighafi. Ngozi inabaki na kiwanda kisicho na cha kusaga.

Rudia sentensi hiyo polepole: homoni tunayoiita ya kike imetengenezwa kutokana na ile tunayoiita ya kiume. Si kwa kuku tu. Kwako wewe baba, sasa hivi, ukiwa unasoma.

Kazi hiyo inafanywa na kitu kimoja ambacho nimekiita kinyozi tangu nilipokisoma mara ya kwanza, na siwezi kuacha. Testosteroni ni pete nne za kaboni zilizoshikana, kaboni 19 kwa jumla. Pale pete ya kwanza inapokutana na ya pili pamesimama kaboni moja peke yake, juu, kama denge la mtoto wa zamani. Mteja anakaa kitini. Kinyozi anapitisha wembe mara tatu, si mara moja, na kila mara anatumia molekuli moja ya oksijeni. Mkono wa kwanza unalilainisha denge. Wa pili unalilegeza. Wa tatu linaanguka. Na ukiokota nywele sakafuni utakuta ni asidi ya fomiki, ile ile wanayokurushia majimoto ukipanda mwembe wao. Mteja anainuka na kaboni 18. Kwa kuwa denge limeondoka, ile pete ya kwanza inaweza sasa kulala bapa kabisa. Anatoka mlangoni akiwa estradioli, aina ya estrojeni. Kaboni moja tu! Alipokuwa na denge, mlango wa kipokezi cha estrojeni ulikuwa mfupi, kichwa kinagonga juu. Sasa anapita bila kuinama, na ndani ya mlango huo kuna amri za kuotesha mifereji ya titi. Milango ya namna hiyo iko hata katika titi la mwanamume, kwa maana wote, wa kike na wa kiume, tulizaliwa na vimifereji vichache nyuma ya chuchu, vikingoja kuambiwa.

Jina rasmi la kinyozi huyu ni aromatasi, na hapa nina ugomvi na mhariri wangu. Yeye anataka niandike "kimeng'enya aromatasi" na kuendelea na safari. Kimeng'enya ni neno zuri kwa vitu vya tumboni, vinavyomeng'enya ugali. Huyu hameng'enyi kitu, ananyoa. Na hiyo "aroma" imetoka wapi? Wakemia wa karne ya 19 waliziita pete zinazolala bapa namna hii "zenye manukato" kwa sababu nyingi walizoanza nazo zilinukia. Mama yao ni benzini. Na benzini, shikilia kiti, ni jina letu. Wafanyabiashara Waarabu waliuza utomvu wa kufukiza walioutaja lubān jāwī, ubani wa Java, ingawa ulitoka Sumatra. Wazungu wakameza ile "lu" wakidhani ni kijineno tu, wakabaki na "banjawi", ikawa benzoini, na miaka ya 1830 mkemia Mjerumani Mitscherlich akakamua kutoka katika asidi ya utomvu huo majimaji yaliyokuja kuitwa benzini. Kumbe ubani uliomo kwenye chetezo cha bibi yangu ndio uliomo kwenye jina la pete hiyo. Kwa hiyo napendekeza aromatasi iitwe "kifukizi", kwa kuwa huitia molekuli pete ya ubani. Mhariri anasema wasomaji watadhani ni dawa ya mbu. Basi nitaandika kinyozi, tugawane hasara.

Vinyozi hawa wametawanyika. Wamo katika misuli, ngozi, mifupa, ubongo, na zaidi sana katika mafuta ya mwili. Korodani za mtu mzima hutengeneza miligramu 6 hivi za testosteroni kwa siku, na chini ya sehemu moja katika mia ndiyo inayokaa kitini. Hata hivyo robo tatu na zaidi ya estradioli ya mwanamume hutoka kwa vinyozi hawa wa nje, si korodanini. Wala si adui. Mwaka 1994 madaktari Marekani walimwelezea mtu wa miaka 28 ambaye mlango wake wa estrojeni ulikuwa mbovu tangu kuzaliwa. Alikuwa na sentimeta 204 na bado anarefuka, maana ncha za mifupa ya mvulana hufungwa na estrojeni. Kinyozi ndiye atakayemwambia mwanao, urefu huu unatosha.

Sasa rudi kwa kijana wa miaka 14. Mwanzoni mwa kubalehe, testosteroni yake haijafika kiwango cha mtu mzima, lakini vinyozi wameshafungua. Titi linasikiliza mizani ya wawili hao: estrojeni inasema ota, testosteroni inasema tulia. Kwa miezi kadhaa mizani inalalia upande mmoja. Korodani zikishika kasi, mizani inarudi, kitumbua kinanywea.

Kwa mtu mzima mizani hiyo huharibiwa na mengi. Unene huongeza viti vya kinyozi, ndiyo maana nikaishitaki chipsi. Ini lililoliwa na gongo linashindwa kuondoa estrojeni. Vijana wa gym wanaojidunga testosteroni ndio kisa ninachokipenda kwa uchungu: wameleta foleni ya wateja dukani, kifua wanachokitaka kiwe cha chuma kinaota titi. Baadhi ya dawa nazo: spironolaktoni ya moyo, simetidini ya vidonda vya tumbo, na efavirenzi, ARV iliyotumika sana kwetu kabla Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, halijaipa dolutegraviri nafasi ya kwanza. Efavirenzi haimhitaji hata kinyozi. Maabara inaonyesha inaweza kugonga mlango wa estrojeni yenyewe. Asiache mtu dawa kwa kusoma gazeti, aende alikopewa aombe kubadilishiwa.

Na watoto wachanga, kwa kuwa wasomaji akina mama wataniuliza: vititi vya wiki ya kwanza ni homoni za mama zilizopita kondoni. Wakati mwingine hutoa tone la maziwa. Msiyakamue, jamani, mnamtafutia mtoto jipu.

Tiba. Kwa mvulana, kungoja. Kwa mtu mzima, kuondoa chanzo kinachoonekana. Tamoksifeni, inayoziba mlango wa estrojeni, husaidia ikianza mapema, hasa penye maumivu. Ikipita mwaka mmoja hivi, tishu imeshakomaa kuwa kovu na vidonge havina cha kuyeyusha. Hapo ni kisu. Upasuaji wenyewe ni wa kale: Paulo wa Aegina aliueleza karne ya 7, na az-Zahrawi wa Córdoba akaurudia katika kitabu chake mnamo mwaka 1000. Siku hizi daktari hupitia ukingoni mwa weusi wa chuchu ili kovu lijifiche. Ipo pia dawa ya kumfungia kinyozi duka, anastrozoli, ambayo kwa yote niliyoeleza ingepaswa kuwa muujiza. Ilipojaribiwa kwa wavulana dhidi ya vidonge vitupu, matokeo yaliyotoka mwaka 2004 hayakuonyesha tofauti ya maana. Inaniuma, lakini ndivyo.

Baba wa Tanga, fanya hivi. Mlaze kijana chali, mikono nyuma ya kichwa. Weka kidole gumba upande mmoja wa titi na cha shahada upande wa pili, usogeze vikutane taratibu kuelekea kwenye chuchu. Ukiona vidole vinakutana bila kukwama, hayo ni mafuta tu. Ukikuta kidude kama kifungo cha mpira, kimekaa sawasawa nyuma ya chuchu, ndiyo tezi yenyewe. Kikiwa kigumu kama jiwe, kimekaa kando, kiko upande mmoja tu, ngozi imevutwa ndani, chuchu inatoa damu, au kuna uvimbe korodanini, usinisubiri mimi, nenda hospitali wiki hii; wanaume nao hupata saratani ya matiti, ingawa ni wachache na wengi wao wazee.

Kisha chukua rula, pima upana wa kifungo hicho, andika tarehe nyuma ya kalenda. Rudia baada ya miezi mitatu, si kila asubuhi, maana kushikwa-shikwa kunakiumiza. Na kocha wa jioni anaweza kunong'onezwa ampange upande wa fulana bila kutaja sababu. Kuhusu kuku, ulisema mmemkataza tangu mwezi wa nne. Mrudishieni paja lake.