Alama Moja, Vipimo Vingi: Hukumu za Wahakiki wa Michezo ya Konsoli na Nafasi ya Kiswahili katika Kuzieleza

Ikisiri

Makala haya yanafafanua jinsi wahakiki wa michezo ya konsoli wanavyofikia hukumu zao, na kwa nini alama moja haibebi maana ileile katika tanzu tofauti. Kwa kutumia mifano ya michezo ya kandanda, mapigano, masimulizi na mafumbo, yanaonyesha kwamba kila utanzu una vigezo vyake, na kwamba tarakimu huvificha vigezo hivyo. Makala yanadai kwamba hukumu yenye manufaa ni ile inayotaja utanzu, mashine na kigezo kwa maneno, na kwamba Kiswahili tayari kina hazina ya kufanya hivyo. Yanahitimisha kwa mapendekezo kwa waandaaji wa mitaala na mabaraza ya lugha, hususan nchini Uganda.

Utangulizi

Katika miji ya Afrika Mashariki, Kampala ikiwemo, vijana wengi hawaijui konsoli kama mali ya nyumbani. Wanaijua kama mashine ya kibandani, ambako mchezaji hulipia mechi na anayeshindwa humpisha anayesubiri. Humo hukumu hutolewa kila siku: mchezo huu umeharibika kuliko wa mwaka jana, ule ni mzuri lakini pedi inachelewa, mwingine una picha za kupendeza na hauna ladha. Ni uhakiki, ingawa hauandikwi na mara nyingi hausemwi kwa Kiswahili.

Uhakiki unaoandikwa, na ambao huongoza soko, hutoka Marekani, Uingereza na Japani. Humfikia msomaji wa Kampala ukiwa umefupishwa kuwa tarakimu. Mzazi, mwalimu au mshauri wa sera anayeiona tarakimu hiyo hana njia ya kujua nini kilipimwa. Makala haya yanaanza na istilahi, yanaeleza namna hukumu zinavyojengwa, kisha yanaonyesha kile ambacho Kiswahili kinaweza kuongeza.

Michezo ipi? Suala la istilahi

Neno mchezo lina kazi nyingi katika Kiswahili: hubeba maana ya riadha, tamthilia, mzaha na bao. Kwa upande wa sera, utata mkubwa uko kwingine. Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inayosimamia bahati nasibu na kamari, pamoja na bodi iliyoundwa chini yake, hutumia kwa Kiingereza neno lilelile ambalo wachezaji wa konsoli hulitumia kutaja burudani yao. Anayesoma jina la bodi hiyo kwa haraka anaweza kudhani kwamba inasimamia pia PlayStation, ilhali kazi yake inahusu kamari. Kiswahili kimekwisha kuutatua utata huo. Nchini Tanzania mamlaka ya aina hiyo huitwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na kivumishi hicho kinaweka mpaka ulio wazi: kuna michezo ya kubahatisha, na kuna michezo ya video.

Katika makala haya, mchezo wa konsoli ni mchezo wa video unaochezwa kwa mashine maalumu iliyounganishwa na skrini na kuendeshwa kwa kidhibiti, ambacho wachezaji hukiita pedi. Utanzu, neno lililozoeleka katika fasihi, linatumika kwa aina za michezo kwa sababu kazi yake ni ileile: kumwambia mpokeaji atarajie nini.

Jinsi hukumu inavyokuwa tarakimu

Mifumo miwili inatosha kuonyesha mchakato huu. Jarida la Famitsu la Japani, lililoanza mwaka 1986, huwapa mchezo mmoja wahakiki wanne. Kila mmoja hutoa alama zisizozidi 10, na jumla haizidi 40. Faida yake ni kwamba tofauti za maoni hubaki zikionekana: msomaji huona kama wanne walikubaliana au walipingana.

Mfumo wa pili ni wa Metacritic, ulioanzishwa mwaka 2001. Huu hukusanya hukumu za majarida mengi, huzigeuza kuwa alama kati ya 0 na 100, kisha hutoa wastani ambao ndani yake baadhi ya majarida yana uzito kuliko mengine. Nyota nne kati ya tano huwa 80, hata kama aliyezitoa hakuwahi kufikiri kwa asilimia. Zaidi ya hayo, mfumo huo huweka rangi ya kijani kwa filamu kuanzia 61, lakini kwa michezo ya video kuanzia 75. Waendeshaji wake wenyewe, basi, wanakiri kwamba tarakimu moja haina maana moja katika sanaa mbili. Hawakuiendeleza hoja hiyo hadi kwenye tanzu za ndani ya michezo.

Matokeo yake si ya kinadharia tu. Mwaka 2012 Chris Avellone, mmoja wa waundaji wa Fallout: New Vegas (2010), alieleza hadharani kwamba studio ya Obsidian ingelipwa bonasi iwapo wastani wa mchezo huo katika Metacritic ungefikia 85. Ulifikia 84. Alama moja, iliyotokana na kubadilisha nyota na herufi kuwa asilimia, iliamua malipo ya wafanyakazi.

Wapo waliojaribu kurudi kwenye maneno. Mwaka 2015 chapisho la Uingereza, Eurogamer, liliacha kutoa tarakimu na kuweka ngazi tatu za maneno, kutoka mchezo usiokosekana hadi mchezo wa kuepukwa. Mwaka 2023 lilirejea kwenye nyota. Mvuto wa alama ni mkubwa, kwani huokoa muda wa msomaji. Lakini muda unaookolewa ni ule wa kuuliza kwa nini.

Kila utanzu na kipimo chake

Mchezo wa kandanda hutoka kila mwaka, na wahakiki huupima kwa toleo lililoutangulia. Swali lao si kama mchezo ni mzuri peke yake, bali kama kilichoongezwa kinastahili bei mpya. Mfano wa wazi ni matoleo ya FIFA kwa konsoli ya Nintendo Switch yaliyobadilisha vikosi na jezi huku uchezaji ukibaki uleule. Mwaka 2020 chapisho la IGN liliihukumu FIFA 21 ya mashine hiyo kwa kuchapisha upya uhakiki wake wa FIFA 20, pamoja na alama ileile ya 2 kati ya 10. Uhakiki ulirudiwa kwa sababu mchezo ulirudiwa. Anayeiona 2 pekee atadhani mchezo ulikuwa haufanyi kazi. Anayeusoma uhakiki ataelewa kwamba kosa lilikuwa kuuza kitu kilekile mara mbili.

Mchezo wa mapigano, wa ukoo wa Street Fighter II (1991), hupimwa kwa usawa wa wapiganaji na wepesi wa pedi kuitikia kidole. Kisa chake kinaweza kuwa chembamba bila hukumu kushuka. Mchezo wa masimulizi, kama The Last of Us (2013), hupimwa kinyume chake: wahusika, mazungumzo na mwendo wa kisa hubeba uzito mkubwa, na mchezaji anaweza kuridhika nao hata akiumaliza mara moja tu. Mchezo wa fumbo kama Tetris, uliobuniwa na Alexey Pajitnov mwaka 1984, hauna mhusika wala kisa. Nguvu yake ni kanuni chache zinazozaa hali zisizokwisha.

Ugumu nao hubadilika thamani kutoka utanzu hadi utanzu. Katika mchezo wa watoto wadogo, kushindwa mara kwa mara ni dosari. Katika Demon's Souls (2009), kushindwa ndiyo njia ya kujifunza, na wahakiki waliusifu mchezo huo kwa ukali wake. Neno gumu, likiachwa bila utanzu, halisemi kama ni sifa au lawama.

Mashine kama sehemu ya hukumu

Zaidi ya utanzu, hukumu hufungamana na mashine. Mchezo wa Cyberpunk 2077, ulioundwa na studio ya CD Projekt Red ya Poland, ulitoka Desemba 2020. Wahakiki waliopewa nakala kabla ya siku ya mauzo walipewa za kompyuta, na hukumu zao zilikuwa za juu. Wanunuzi wa PlayStation 4 na Xbox One walikuta mchezo unaokwama na kuzimika. Mwezi huohuo Sony iliuondoa katika duka lake la mtandaoni, na haikuurudisha hadi Juni 2021.

Funzo lake ni zito kwa Afrika Mashariki, ambako konsoli za kizazi kilichotangulia, nyingi zikiwa zimeshatumika kwingine, bado ndizo zinazofanya kazi vibandani. Hukumu isiyotaja mashine humpotosha kwanza yule asiye na uwezo wa kununua mpya.

Hazina ya Kiswahili

Mapokeo ya uhakiki wa fasihi ya Kiswahili yamejengwa juu ya jozi ya fani na maudhui. Jozi hiyo inaufaa mchezo wa masimulizi, lakini inauacha Tetris bila kipimo. Kinachokosekana ni kigezo cha tatu, utendaji: kile kinachotokea pale mpokeaji anapotenda. Wanafasihi simulizi hawatakiona kuwa kigeni. Kitendawili hakikamiliki bila anayejibu "tega", na ubora wake hupimwa kwa namna kinavyomhangaisha mteguaji bila kumwonea. Hicho ndicho wahakiki wa mchezo wa fumbo wanachokitafuta.

Hazina ya pili ni bao. Mchezo huu wa mashimo 32 na kete 64 una istilahi zake: namua na mtaji kwa hatua za mchezo, kutakata kwa mwendo usiokula, nyumba, kichwa na kimbi kwa mashimo yenye hadhi maalumu. Kwa istilahi hizo mtazamaji anaweza kueleza mchezaji alikosea wapi, si kwamba alikosea tu. Uganda ina omweso, ndugu wa bao mwenye ubao wa ukubwa uleule, na hivyo mwanafunzi wa Kampala haingii katika mazungumzo hayo akiwa mgeni.

Hazina ya tatu ni utangazaji wa kandanda redioni, uliokomaza msamiati wa kasi, pasi, umiliki wa mpira na makosa. Mhakiki wa mchezo wa kandanda wa konsoli ana maneno yake tayari; kazi iliyobaki ni kuyahamisha kutoka uwanjani hadi kwenye skrini.

Mapendekezo

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza 2020, umekiweka miongoni mwa masomo ya lazima katika miaka miwili ya kwanza. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifanywe cha lazima shuleni. Changamoto iliyobaki ni kumpa mwanafunzi jambo analotaka kulisema kwa lugha hiyo. Kutetea hukumu ya mchezo anaoujua ni zoezi la hoja, ulinganishi na ushahidi, tena ni zoezi ambalo mwanafunzi huenda akamzidi mwalimu kwa maarifa.

Kwanza, Kituo cha Taifa cha Ukuzaji Mitaala na Chuo Kikuu cha Kyambogo, ambavyo vyote viko katika eneo hilohilo la Kyambogo, vinaweza kushirikiana kuandaa zoezi la uandishi wa uhakiki unaotaja mambo manne: utanzu, mashine, kigezo na ushahidi. Tarakimu iruhusiwe, lakini ije mwishoni.

Pili, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki pamoja na mabaraza ya lugha ya Tanzania yasanifishe majina ya tanzu za michezo ya video, yakianza na maneno ambayo wachezaji wenyewe wanayo.

Tatu, watunga sera watenganishe aina tatu za hukumu ambazo mara nyingi huchanganywa: hukumu ya ubora, hukumu ya umri unaofaa, na hukumu ya kisheria kuhusu kamari. Mchezo unaweza kuwa bora na usimfae mtoto; unaweza kumfaa mtoto na usiwe bora; na katika hali zote mbili unaweza usihusiane kamwe na kamari. Sheria inayotungwa kwa neno moja la kigeni linalobeba maana zote hizo itamgusa mwenye kibanda cha konsoli kabla haijamfikia mwenye duka la kamari.