Kalipa Kwanza, Maikromita Baadaye

Gurudumu la pikipiki likishalazwa juu ya gunia, fundi wa nyumbani huko Mwala, kaunti ya Machakos, hufuta grisi kwa kitambaa na kutafuta namba ya beringi. Mara nyingi huipata: 6202 au 6301, imechorwa ubavuni. Lakini beringi iliyokula vumbi la barabarani kwa miaka huenda namba yake imefutika. Hapo mwenye pikipiki huitia mfukoni akaelekea duka la spea Masii, ikalinganishwe kwa macho. Kwa beringi hizo macho yanatosha. 6201 na 6301 zote zina tundu la milimita 12, ila ya kwanza ina upana wa nje wa milimita 32 na ya pili 37. Tofauti hiyo hata rula ya mtoto wa shule inaionyesha.

Kuamini macho si jambo geni katika eneo hili. Wamunyu, ndani ya Mwala, ndiko Mutisya Munge alikoanzisha uchongaji wa vinyago vya kuuza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na hadi leo mchongaji hulinganisha miguu ya twiga wake kwa kumtazama tu. Mti humsamehe, kwa kuwa nusu milimita iliyozidi huondoka kwa msasa. Chuma kinachozunguka ndani ya chuma hakina msamaha huo.

Chukua mashine ya kusaga unga. Nyingi za zamani zilizoundwa kwa vipimo vya Kiingereza zina shafti ya inchi moja, yaani milimita 25.4. Beringi ya 6205, inayopatikana kwa urahisi madukani, ina tundu la milimita 25. Kwa tepu, vyote viwili ni "ishirini na tano". Nyumbani beringi inakataa kuingia, mtu anawasha grainda na kuipunguza shafti, na ikiisha kuingia inacheza, kwa sababu grainda ya mkono haiachi shafti ikiwa duara. Beringi imepotea, shafti imepotea, na wenye mahindi wamehamia kwa jirani, kisa 0.4 ya milimita.

Kifaa ambacho kingeiona tofauti hiyo kabla ya safari ya dukani ni kalipa ya venia, jina litokanalo na Mfaransa Pierre Vernier, aliyeeleza mbinu yake mwaka 1631. Ya milimita 150 hukidhi karibu kazi zote za nyumbani. Taya zake kubwa hupima upana wa nje, zile ndogo za juu hupima tundu, na kijiti kinachochomoza nyuma hupima kina. Siri yake ni mistari. Kwenye kalipa ya 0.02, kipande kinachoteleza kina nafasi 50 zilizoenea kwenye urefu wa milimita 49, kwa hiyo kila nafasi ni fupi kuliko milimita kwa 0.02. Anayepima ile shafti ya kinu ataona sifuri imepita 25, kisha atatafuta mstari wa chini uliolingana sawasawa na wa juu. Akikuta ni wa 20, atazidisha kwa 0.02 apate 0.40. Jibu ni 25.40.

Dukani, kalipa ya skrini itakuwa inang'aa kando yake, na wengi huichukua kwa kuwa inaonyesha tarakimu mbili baada ya nukta bila hesabu. Ina faida za kweli: inasomeka na macho yaliyochoka, hubadili milimita kuwa inchi kwa kitufe kimoja, na inaweza kuwekwa sifuri popote ili kusoma tofauti ya vitu viwili. Hata hivyo tarakimu za skrini si ahadi ya usahihi. Kalipa nyingi za aina hii huandika hadi 0.01, ilhali kosa linaloruhusiwa na watengenezaji wake hufika 0.02 au 0.03. Nyingi za bei nafuu huendelea kunyonya betri hata zikiwa zimezimwa, na maji au mafuta yakiingia kwenye utepe wake namba huanza kurukaruka. Kwa karakana iliyo chini ya mwembe, yenye vumbi na isiyo na duka la betri karibu, kalipa ya mistari ya chuma kisichoshika kutu ndiyo ya kununua kwanza. Ya plastiki iachwe, kwa sababu taya zake hupinda.

Kalipa nayo ina mipaka. Mwaka 1890 Mjerumani Ernst Abbe alieleza kwamba kipimo huwa sahihi zaidi kitu kinapokaa kwenye mstari mmoja na rula inayokipima. Kwenye kalipa kitu hukaa pembeni ya rula, kwa hiyo anayebana kwa nguvu huinamisha taya na kusoma kidogo kuliko ukweli. Dawa ni kukisogeza kitu karibu na rula, kubana kwa upole na kupima mara tatu.

Tena kalipa haiingii kati ya valvu na roka, wala kwenye pengo la plagi. Kazi hiyo ni ya fila geji, kifurushi cha vipande vyembamba vya chuma vilivyoandikwa unene wake. Bei yake ni ndogo na huokoa injini nyingi, kwa hiyo inastahili kuwa kifaa cha pili. Namba ya kufuata itoke kwenye kitabu cha pikipiki husika, na valvu zipimwe injini ikiwa baridi. Joto hudanganya kila kipimo: chuma cha milimita 50 kilichopata moto nyuzi 60 zaidi hurefuka zaidi ya 0.03.

Maikromita, iliyosajiliwa Ufaransa na Jean Laurent Palmer mwaka 1848, ni ya tatu. Uzi wake husogea nusu milimita kwa kila mzunguko, na pipa lake lina alama 50, hivyo kila alama ni 0.01. Inafaa kwa anayetaka kujua kama shafti imelika kwa sehemu moja au mbili za mia za milimita, kosa linalotosha kuifanya beringi mpya izunguke juu ya shafti badala ya kubana. Lakini ya kawaida hupima milimita 0 hadi 25 tu, na ndani ya silinda haifiki. Pistoni ikishaanza kugonga, silinda ipelekwe kwa fundi wa kuchimba mwenye geji za kazi hiyo.

Kalipa ya nyumbani haihitaji kupelekwa maabara ya Shirika la Viwango la Kenya, South C, Nairobi, ili ijulikane kama inasema kweli. Anayekwenda Machakos kuinunua na anunue kwanza beringi mpya ya 6202 yenye jina la kuaminika. Upana wake wa nje ni milimita 35, na kiwango cha kimataifa hakiruhusu upungue zaidi ya 0.011. Unene wake wa milimita 11 usitumike, kwani huo unaruhusiwa kupungua hata 0.12. Kaunta ikiwa bado mbele yake, afute taya, azifunge na kuziinua kwenye mwanga. Mwanga ukipenya, aombe nyingine. Kisha apime ile beringi. Ikisoma 35.00 au 34.98, alipe. Ikisoma 34.90, kalipa irudi kabatini, na beringi iende nyumbani kwenye gurudumu linaloisubiri.