Bili ya Maji Imepanda? Soma Hapa Kabla ya Kulipa

Watu wetu wa Kitengela na Kajiado, hii ni yenu. Kampuni ya maji haijipangii bei. Kwa Sheria ya Maji ya 2016, bei mpya hupitishwa na WASREB, na wananchi huitwa kutoa maoni kwanza. Mkisikia kikao, endeni.

Kampuni nyingi hupanga bei kwa ngazi: uniti za kwanza ni nafuu, zinazofuata ni ghali. Uniti moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Ukinunua mtungi kwa shilingi 10, uniti hiyo imekula 500!

Shida iko kwa ploti: mita moja, nyumba kumi. Matumizi yakijumlishwa, mnaweza kuingia ngazi ya juu hata kama kila nyumba inatumia kidogo. Ongeeni na landlodi kuhusu mita tofauti.

Ada ya maji taka inawahusu waliounganishwa na bomba la maji taka. Kama mnatumia tenki ya septiki, kagueni bili.

Ukilipa kwa simu, hakikisha nambari ya akaunti ni sahihi, na usifute SMS. Hiyo ndiyo risiti yako.